Kifaa Kisichotambulika

Printa ilikuwa bado haijachomekwa, lakini kompyuta ilishasema kuna kitu kimeunganishwa nayo.

Doto aliinama nyuma ya mashine akakagua nyaya. Wa umeme, wa skrini, wa kipanya, wa kibodi. Basi. Akarudi kwenye orodha ya vifaa. Chini kabisa palikuwa na mstari wenye pembetatu ya njano: kifaa kisichotambulika, hakina draiva, yaani programu ya kukiendesha.

"Umesema hii imetoka wapi, Athanas?"

"Ofisini kwetu, mgodini kwa bosi Donatus," alijibu Athanas, karani wa mgodi mdogo nje ya Runzewe. "Wiki ya tatu printa inagoma. Kila nikiweka draiva, ikifika nusu inakataa."

Ilikuwa saa nane mchana, jua likiwaka, bodaboda zikipiga honi barabarani. Doto na mumewe Edson walikuwa na kibanda hicho cha kutengeneza kompyuta mwaka wa sita. Draiva zinazogoma hazikuwa jambo geni kwao. Doto alikifuta kile kifaa, akaondoa mabaki ya draiva ya zamani, akawasha mashine upya, akaweka draiva inayoendana nayo. Mstari ukasogea hadi nusu, ukaganda. Kifaa kisichotambulika kikarudi mahali pake.

Ndipo harufu ikaja. Udongo mbichi, baruti, damu.

"Mama Aneth," Edson alimnong'oneza mkewe, "unasikia?"

Spika hazikuwepo, lakini mle ndani ya mashine nyundo ilikuwa ikigonga mwamba, taratibu, kama mtu aliyefukiwa anayeomba kutolewa.

Athanas alirudi nyuma. "Zimeni. Nawaomba, zimeni."

Edson alichomoa waya wa umeme. Feni haikusimama. Akachukua bisibisi, akafungua kava, na chini ya feni, kwenye vumbi, akaona fundo la kitambaa cheusi lililofungwa kwa nywele za mtu.

"Usiliguse, kaka!" Athanas alipiga kelele, lakini mkono wa kulia wa Edson ulishalifumbata.

Edson alisimama wima, macho yakabaki weupe mtupu, akamgeukia Athanas na kumchoma bisibisi ya shavu hadi ikagonga meno, akaichomoa, akamchoma tena begani, damu ikatapakaa kwenye skrini, na Doto alipomrukia mgongoni alirushwa ukutani kama gunia la pumba, akainuka, akamrukia tena, akarushwa tena, na muda wote ule sauti iliyotoka kinywani mwa mumewe, sauti ya watu wengi waliokabwa na vumbi, ilirudia maneno yaleyale: "Mwezi umeisha. Nipeni mtu wangu."

Bi Mwasiti, mama wa duka la ubani la jirani, aliyejulikana mji mzima kwa kutoa majini, alizisikia kelele akaingia peku na chetezo chenye makaa. Nyuma yake waliingia madereva wanne wa bodaboda. Wanaume wale walimwangusha Edson wakamkalia, naye Bi Mwasiti akasoma dua, akimmwagia maji usoni.

"Nani kakuweka?"

"Donatus. Kila mwezi mtu mmoja, chini shimoni. Mwezi huu hajaleta."

Athanas, ameshika shavu lililochanika, alianza kulia. Wachimbaji watatu walikuwa wamefukiwa tangu mwaka uanze, na yeye ndiye aliyeandika majina yao.

"Jini hatoki mpaka alichoshika mumeo kimtoke," alisema Bi Mwasiti.

Wanaume wote wanne waliihangaikia ile ngumi. Haikufunguka.

"Leta nyundo, mwanangu."

"Bi Mwasiti, huo ndio mkono wake wa kazi!"

"Jua likizama huna mume, Mama Aneth."

Doto alileta nyundo. Pigo la kwanza lilivunja kidole gumba, Edson akacheka. La pili, la tatu. Mfupa ulichomoza kwenye ngozi, Doto akilia kwa sauti kama mtoto, akipiga, akipiga, mpaka ngumi ikaachia na fundo likabiringika sakafuni. Bi Mwasiti alilisukumia kwenye makaa. Yowe lililotoka lilipasua skrini, kisha pakawa kimya.

Jioni ile Donatus alikutwa amekufa ndani ya gari lake, milango imefungwa, udongo umemjaa mdomoni hadi kooni.

Athanas alishonwa akapona. Edson alizinduka hospitali siku ya pili, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Aliutazama.

"Nani kanivunja?"

Doto alikuwa amejiandaa kudanganya. Akashindwa. "Mimi, Baba Aneth."

Edson alifumba macho. "Nilikusikia ukilia," alisema. "Nilikuwa mle ndani ya mwili wangu nakupigia kelele, piga tena, usiache."