Namba ya Marehemu Damasi

Anayesema kwenye kompyuta hakuna mambo, aje nimkalishe chini mimi Siti, muuza vitenge wa hapa Babati. Haya yalimpata wifi yangu Sabrina, mke wa kaka yangu, na mwanawe ninaye mimi mpaka leo.

Jumatatu hiyo jua lilikuwa zuri tu. Nilimpelekea Sabrina makande kazini, kwenye chuo kimoja cha ufundi kule Bonga alikokuwa na wiki moja tangu aajiriwe kuangalia kompyuta. Mgongoni nilimbeba mwanawe Ibra, wa mwaka mmoja na nusu, akanyonye. Nikamkuta wifi kashika tama.

"Tovuti ya chuo imegoma," akasema. "Wazazi wakitafuta matokeo inawajibu hamna ruhusa. Mkuu kanipa mpaka saa kumi."

Akanieleza kwamba mafaili yote yalikuwa ya fundi aliyekuwepo kabla yake, Damasi, kijana wa Mutuka aliyezikwa wiki mbili nyuma. Watu walipotoka makaburini tu, mkuu akafuta jina lake kwenye mashine. Jina likatoka, lakini mafaili yakabaki na namba yake, 1004, na mashine haikumfungulia mtu mwingine yeyote.

"Sasa?"

"Njia ya kuyahamisha ipo, ila ya mkato ni hii. Najiandikisha upya, najipa namba yake. Kila kilichokuwa chake kinakuwa changu."

Mimi na mdomo wangu huu ningenyamaza? Nikamwambia, mwanamke wewe, hata shati la marehemu halivaliwi kabla wenyewe hawajakaa wakagawa vitu vyake. Akanicheka, eti wifi una ushamba. Sikio la kufa halisikii dawa. Akabonyeza, na matokeo yakafunguka palepale.

Akafurahi, akanyoosha mikono ampokee Ibra. Mtoto akamtazama usoni. Akageuka, akanishika shingo.

"Ana usingizi," Sabrina akasema.

Hakuwa na usingizi. Alikuwa anatetemeka.

Jumanne Ibra alimkimbia mama yake. Jumatano alilia kila alipomwona akiingia chumbani. Maziwa ya Sabrina yakakauka siku hiyohiyo. Halafu wifi akaanza kukohoa kila akifika mlangoni, mara mbili, kikohozi kizito cha kiume. Mkuu wa chuo alipokisikia akadondosha kikombe cha chai. Alikijua. Alikisikia miaka minne, kila asubuhi, Damasi akiingia kazini.

Alhamisi wifi akaninong'oneza jikoni.

"Siti, mwanangu ananiona nani?"

Nilimwonea huruma mpaka nikakosa pa kuweka macho.

Ijumaa nikafuatana naye chuoni. Kazi ife, akasema, nataka mtoto wangu. Akaifuta ile namba, na jina lake likatoka nayo. Kidole chake kilikuwa baridi nilipomshika mkono. Tovuti ikajifunga tena, na sisi tukarudi nyumbani tukimwomba Mungu njia nzima.

Ibra alikuwa amesimama mlangoni na jirani tuliyemwachia. Sabrina akachuchumaa mbele yake, akamwita. Macho ya mtoto yakampita kama hayupo. Hakulia. Hakukimbia. Alikuwa anaangalia barabara nyuma yake, anamtafuta mama.

Jumamosi asubuhi kitanda cha Sabrina kilikuwa kimetandikwa. Viatu vipo. Simu ipo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Kaka yangu akarudi mbio kutoka safarini, akamtafuta polisi, hospitali, kwa ndugu zake wa Sigino. Hakuna aliyemwona.

Siku ya tano nikambeba Ibra, tukaenda Mutuka kwa mama yake Damasi, Mama Katarina. Nilitaka kumwomba msamaha, labda aturudishie mtu wetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza akiwa ameinama. Kisha akasogea karibu.

"Tangu Jumamosi kuna mwanamke analia chumba cha Damasi," akanong'ona. "Nikifungua, hamna mtu."

Akanipeleka. Chumba kitupu. Ukutani picha ya Damasi, ile ya msibani, ndani ya fremu ya kioo. Nikasikia Ibra anahangaika mgongoni.

"Mama," akasema.

Hakuwa amelitamka neno hilo tangu ile Jumatatu. Akanyoosha mikono kwenye picha, na kabla sijawaza nikawa nimemfungua mgongoni na kumsogeza. Akaikumbatia fremu. Akabandika mdomo kwenye kioo, akafumba macho, akatulia kabisa.

Nilipomvuta, midomo yake ilikuwa myeupe. Nikaifuta kwa kanga, nikanusa.

Maziwa. Yalikuwa bado ya moto.