Taa Nyekundu Chini ya Tepu

Mtaa mzima ulimwita Lenzi. Jina lake halisi walilijua watu wachache, na yeye mwenyewe akiitwa kwa jina hilo alichelewa kuitika. Alikuwa mpiga video za harusi. Mkewe alikuwa mhariri. Lenzi alirudi na picha nyingi za watu wanaocheza, wanaokula na wanaolia kwa furaha. Mkewe alizikata, akaziunga, zikawa video nzuri ya kutazamwa na familia.

Walifanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Kilikuwa na mapazia mazito, kiti cha mtu anayehojiwa, na meza ya kompyuta. Juu ya meza lilikaa sanduku dogo jeusi. Ndani ya sanduku mlikuwa na diski mbili, kila moja katika droo yake. Waliziita diski pacha, kwa sababu kila kilichoandikwa katika moja, sanduku liliandika kilekile katika nyingine. Ikifa moja, ya pili inabaki na kila kitu.

Lenzi alikuwa na tabia moja ambayo wapiga video wengi wanayo. Hakupenda taa ndogo ndogo. Taa ya chaja, taa ya redio, taa ya kompyuta, zote zilimkera, kwa sababu zinaonekana kwenye miwani ya mtu anayehojiwa. Kwa hiyo alitembea na tepu nyeusi mfukoni. Akiona taa inawaka, anaiziba. Mkewe alimtania, "Siku moja utaziba na jua."

Jumatatu hiyo asubuhi alikuja bibi harusi wao wa miezi mitatu iliyopita. Alikuwa amevaa nguo nyeusi na miwani. Aliketi, akakunja mikono.

"Baba amefariki wiki iliyopita," alisema.

"Pole sana, dada," alisema Lenzi. "Pole sana."

"Ile hotuba yake ya harusini, mnayo? Sauti yake hatuna popote. Baba hakupenda kurekodiwa. Siku ile tu ndiyo alikubali. Jumamosi familia yote inakutana, na Mama anataka kumsikia."

"Ipo," alisema mhariri. "Bado sijamaliza kuihariri, lakini ipo. Ijumaa utaipata."

Yule dada akashukuru mara nyingi, mpaka mlangoni. Mhariri akarudi kwenye kompyuta kuanza kazi. Kioo kikamwandikia kwamba nafasi imekwisha. Diski zimejaa. Haziwezi kupokea hata picha moja.

Hili halikuwa jambo geni kwao. Walikuwa wameshanunua diski mbili mpya, kubwa mara nne ya zile za zamani. Zilikaa kabatini zikisubiri wapate wasaa. Sasa wasaa ulikuwa umewatafuta wenyewe.

"Tufute zile harusi za zamani?" aliuliza Lenzi.

"Harusi ya mtu haifutwi bila ruhusa yake," mkewe alijibu. "Weka hizo diski mpya. Leo."

"Basi ni kazi ya dakika mbili! Hizi ni pacha. Nachomoa moja, naweka mpya mahali pake, sanduku linanakili lenyewe. Nimeona kwenye mtandao."

Akaliendea sanduku bila hata kulizima. Akashika droo ya kushoto, maana ndiyo iliyokuwa karibu na mkono wake.

Sasa, siku hizo mama mkwe wa Lenzi alikuwa amekuja kumtembelea binti yake. Mama huyu alitunza kompyuta za hospitali miaka mingi mpaka alipostaafu. Hakuwa mtu wa kuingilia kazi ya mkwewe. Alikaa sebuleni na chai yake. Lakini mlango ulikuwa wazi, na masikio hayastaafu.

"Hodi hapo," alisema. "Naomba kuuliza tu, mkwe wangu. Umeangalia afya zao?"

"Afya za nani, Mama?"

"Za hao pacha. Wote wawili ni wazima?"

Lenzi akacheka kwa adabu. Mtu hamcheki mama mkwe kwa sauti. "Wazima, Mama. Kompyuta inafungua kila kitu."

"Kompyuta itafungua kila kitu hata kama mmoja alikufa zamani. Ndiyo kazi ya pacha, kumfichia mwenzake. Taa zinasemaje?"

Lenzi akatazama sanduku. Taa hazikuonekana. Palikuwa na vipande viwili vya tepu nyeusi.

"Niliziziba," alisema polepole. "Zilikuwa zinamulika kwenye miwani za watu."

Mhariri akanyoosha mkono, akabandua kipande cha kushoto. Taa ya kijani. Akabandua cha kulia. Taa nyekundu.

Vidole vya Lenzi vilikuwa bado kwenye droo ya kushoto. Ile ya kijani. Ile pekee iliyokuwa hai.

"Toa mkono wako hapo, baba," mama mkwe alisema kwa upole. "Taratibu."

Lenzi akatoa mkono. Akakaa kwenye kiti cha wahojiwa, jasho likimtoka. Aliogopa kwelikweli, na alistahili kuogopa. Kadi za kamera za harusi ile zilishafutwa, zikatumika kwenye harusi nyingine. Sauti ya yule baba ilikuwa katika diski moja tu duniani, na yeye alikuwa karibu kuichomoa ikiwa inafanya kazi.

"Lakini lingetuambia!" alisema. "Sanduku linapiga kelele kitu kikiharibika!"

Mkewe akamgeukia. "Lilipiga. Hukumbuki? Tulikuwa tunamhoji yule mwalimu wa kwaya, likaanza pii, pii, pii. Ukaingia kwenye mipangilio, ukazima sauti. Ukasema linaharibu mahojiano."

Lenzi akainamisha kichwa. Angeweza kubisha, lakini alikumbuka.

"Haya, maji hayajamwagika bado," alisema mama mkwe. "Mtu hulia yakimwagika. Sasa tufanye kazi. Nakala nyingine mnayo wapi?"

"Nakala ni hiyo pacha, Mama," alisema mhariri.

"La, mwanangu. Pacha si akiba. Ukisimama mbele ya kioo ukajipaka masizi usoni, yule wa kwenye kioo naye anapakwa. Ukifuta harusi kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote mbili wakati uleule. Sanduku likiibiwa, zinaondoka zote. Pacha anakusaidia diski moja ikifa, basi. Akiba ni nakala nyingine, kwenye chombo kingine, mahali pengine."

Mhariri akafungua droo ya meza. Alikuwa na diski ndogo ya nje, ile wanayotumia kuwapelekea wateja kazi zao. Isingetosha kila kitu, lakini harusi moja ingeingia.

"Hotuba kwanza," alisema.

Akaichomeka kwenye kompyuta, akanakili harusi ya yule dada. Walisimama wote watatu wakitazama mstari wa kijani ukijaa. Ulipojaa, Lenzi akashusha pumzi.

"Bado," alisema mama mkwe. "Fungua. Nakala usiyoifungua ni kama mtungi usiochungulia ndani. Unajuaje kama una maji?"

Mhariri akafungua video moja kwa moja kutoka diski ya nje. Mzee mmoja mwembamba akatokea, ameshika kipaza sauti mbali na mdomo. Akakohoa. Mhariri akasimamisha hapohapo. Ilitosha kujua kwamba yupo.

"Na harusi nyingine?" aliuliza Lenzi.

"Hizo nazo zina wenyewe," mkewe alijibu.

Lenzi akaenda pembeni, akachukua boksi la taa mpya ya studio. Alikuwa ameinunua majuzi na hajaifungua. Aliipenda taa ile. Akaibeba kwapani, akatoka. Aliporudi hakuwa na taa. Alikuwa na diski kubwa ya nje.

"Mwenye duka amekubali kubadilisha," alisema. "Tunanakili zote."

Kazi hiyo iliwachukua hadi kesho yake. Lenzi alipigiwa simu ya kwenda kupiga video mahali, akakataa. "Kazi nyingine itakuja," alimwambia mkewe. "Hii nataka niimalize kwa mikono yangu." Alikuwa amepiga moyo konde. Kila nakala ilipokamilika, alifungua video mbili tatu kuhakikisha zinacheza. Mwisho diski ile ya nje akaipeleka kwa dada yake, mtaa wa pili, ikalale huko.

Ndipo wakarudi kwenye sanduku.

"Sasa tunamtoa nani kwanza?" mama mkwe aliuliza.

"Mgonjwa," alisema Lenzi. "Wa kulia."

"Umesoma jina lake kwenye kompyuta, likalingana na la kwenye droo?"

Alikuwa hajasoma. Akasoma. Yalilingana. Kitabu cha sanduku kilisema diski inaweza kubadilishwa bila kuzima, lakini masanduku mengine lazima yazimwe kwanza, kwa hiyo Lenzi alikisoma ukurasa ule mara mbili. Akachomoa diski mbovu, akaandika juu yake "IMEKUFA". Akaweka mpya kubwa mahali pake. Katika kompyuta akaichagua, akaagiza sanduku lianze kujaza pacha mpya. Taa ikaanza kupepesa rangi ya machungwa.

"Sasa tunaliacha," alisema mama mkwe. "Ile diski ya zamani imebeba mzigo peke yake. Tusiiongezee."

Walikuwa wanakula chakula cha mchana umeme ulipokatika. Katika chumba cha mbele kukasikika pii, pii, pii.

Zamani Lenzi angekwenda kutafuta pa kuizima. Safari hii aliruka mpaka kijiko kikaanguka. "Linasema nini?"

Ilikuwa betri ya kompyuta, ile inayoshika umeme ukikatika. Ilikuwa ikisema haina nguvu nyingi. Mhariri akazima kioo, akazima kompyuta, akachomoa spika. Betri yote ikabaki kwa ajili ya sanduku. Wakasimama hapo, wali ukipoa mezani. Umeme ukarudi kabla betri haijaisha. Sanduku lilikuwa likiendelea kunakili kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Mama," alisema Lenzi, "kama betri ingeisha?"

"Tungeanza upya. Na kama ingekufa ile ya zamani, tungekuwa na ile iliyolala kwa dada yako. Akiba haiozi, mkwe wangu."

Taa ya kulia ilipokuwa kijani kabisa, Lenzi hakuishia kwenye taa. Aliingia kwenye kompyuta, akasoma kwamba pacha wote ni wazima. Ndipo akatoa diski ya kushoto, ile nzee iliyowaokoa. Akataka kuifuta aitumie kwa mambo mengine. Mkewe akamshika mkono.

"Usiache mbachao kwa msala upitao. Hiyo ikae kabatini hivyo hivyo mpaka tuwazoee hawa wapya."

Wakaweka diski kubwa ya pili. Wakasubiri tena. Taa zote mbili zikawa kijani. Lenzi akafungua kompyuta kwa shangwe, na shangwe ikamwisha. Nafasi ilikuwa ileile ya zamani. Imejaa vilevile.

"Nimeharibu wapi?"

Mama mkwe akacheka kwa mara ya kwanza. "Hujaharibu. Umenunua kiwanja kikubwa, lakini ukuta bado uko pale pale ulipokuwa. Sanduku limenakili kila kitu, pamoja na mpaka wa zamani. Liambie lipanue."

Mhariri akatafuta kwenye mipangilio, akaona neno "panua", akabonyeza. Baada ya muda nafasi ikafunguka. Hakuna harusi hata moja iliyopotea. Lenzi alicheza peke yake katikati ya chumba, akasahau kwamba mama mkwe anamwona.

Kabla ya kuanza kuhariri, mhariri aliirudisha ile sauti ya sanduku aliyoizima mumewe. Lenzi hakupinga.

Ijumaa yule dada alikuja kuchukua video. Mhariri akamwekea hotuba aione kwanza. Mzee mwembamba akakohoa, akasogeza kipaza sauti.

"Mkwe wangu," alisema mzee, "huyu binti yangu ana jambo moja. Akinyamaza, usidhani mambo ni mazuri. Sogea karibu, umuulize." Watu ukumbini wakacheka. Mzee naye akacheka.

Yule dada alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Lenzi alisimama nyuma yake, akitazama taa mbili za kijani.

"Nami ningependa kusema neno kwa ajili ya Baba," alisema dada. "Mnaweza kunirekodi, tuliweke mwisho?"

Lenzi akamketisha kwenye kiti cha wahojiwa. Akawasha kamera, akachungulia. Katika miwani ya dada paling'aa nukta mbili ndogo za kijani. Mkono wa Lenzi ukaingia mfukoni wenyewe, ukashika tepu.

Ukakaa humo kidogo. Kisha ukatoka mtupu.

"Samahani, dada," alisema. "Simama kidogo, nihamishe kiti."