Komeo la Mkuku

Jumamosi tarehe kumi na nne Juni, saa mbili na dakika tano asubuhi, mawingu yakiwa yametanda na upepo ukivuma kwa kubembeleza, boti ndogo ya tanga ilisimama ghafla katikati ya hori la bahari kama punda aliyekataa mzigo.

"Tumekwama," akasema Inchi.

Mashoto alishika mlingoti asianguke.

"Tumekwamaje? Pandisha mkuku tuondoke."

"Haupandi. Nadhani umebanwa na jiwe."

Inchi alikuwa mchoraji wa miundo ya boti, na jina hilo alipewa karakanani kwa kuwa hata kijiko hakukinunua kabla ya kukipima. Mashoto alikuwa mshona matanga wa karakana hiyohiyo, na mkono wake wa kushoto ndio uliompa jina. Saa tano kamili feri ilikuwa imchukue kwenda mji mwingine, alikoteuliwa kuwa mkuu wa wakataji matanga, kazi aliyoitamani miaka sita. Inchi alimwomba nusu saa tu ya kuagana, wajaribu tanga jipya ambalo Mashoto mwenyewe alilishona.

Boti hiyo ya mita saba ilisifiwa kwa jambo moja: mkuku wake, ule ubao mzito unaoshuka majini chini ya tumbo lake. Ukiushusha, boti inashika njia wala haiyumbi. Ukiupandisha kwa winchi, inapita hata kwenye maji ya magotini. Sasa mkuku ulikuwa chini, umejichimbia topeni, na maji yalikuwa yanapwa.

"Maji yatarudi lini?"

"Saa saba hivi."

"Saa saba, Inchi? Na feri?"

"Zipo feri nyingine. Ingia ndani, hujaona nilivyomalizia chumba."

Simu ya Mashoto ikalia. Ujumbe ulitoka kwa mwenye karakana ya huko aendako: "Mkuu mpya, feri ni saa tano, na nyingine haipo hadi Jumatatu jioni. Jumatatu asubuhi nisipokuona, nafasi anapewa aliyekufuata kwenye usaili. Samahani, ila kazi haina subira."

Aliingia ndani kwa kuwa hakukuwa na kwingine kwa kwenda.

"Kitanda hiki," Inchi akasema, akikipapasa kama mtu anayetuliza farasi, "ni futi tano na inchi saba. Urefu wako, na inchi mbili za kunyoosha vidole vya miguu. Jiko nimelihamishia huku ili mkono wako wa kushoto usisumbuke. Rafu ya vitabu nimeiwekea ukingo, boti ikilala upande visikuangukie. Dari nimeiinua. Humu hutagonga kichwa."

"Meza ya kukatia matanga iko wapi?"

"Ya nini? Humu utakuwa unapumzika."

"Kutoka wapi?"

"Kazini."

"Nani alikwambia nimechoka?"

Saa tatu ikapita, boti ikaanza kuinama. Kikombe kikateleza mezani, kikagota kwenye ukingo, kikatulia. Kila kitu humo ndani kilikuwa na ukingo wa kukizuia, na Mashoto alihisi hewa inapungua.

"Una deni langu, Mashoto. Miezi minane nangoja jibu."

"Nalijua. Nilikuja nalo leo, nikupe gatini kabla sijapanda feri."

"Nipe sasa. Muda tunao."

"Deni halilipwi topeni. Koleo liko wapi? Nitautazama huo mkuku mwenyewe."

"Acha, utajichafua."

"Mshona matanga hana mkono wa kuchafuka. Liko wapi?"

Alivuta droo iliyo chini ya meza ya ramani kabla Inchi hajamfikia. Koleo halikuwemo. Ilikuwemo karatasi ya mchoro.

Hori lilichorwa kwa penseli, na kando yake vina vya maji, saa kwa saa. Boti ilichorwa imekaa topeni, na juu yake maandishi yale aliyoyazoea, yaliyonyooka kama uzi: "Saa 2:05, hapa." Chini yake: "Saa 5, feri inaondoka. Saa 6, chai." Kitandani alichorwa mwanamke amelala, vidole vya miguu vyote kumi, kitabu mkononi, uso mtupu usio na mdomo. Pembeni yake: "Amekubali hali." Na mshale mmoja ulielekea jikoni: "Komeo la kuzuia mkuku, nyuma ya sufuria."

"Umenichora," Mashoto akasema taratibu.

"Siwezi kufanya jambo bila kulichora kwanza. Unanijua."

"Nakujua. Ningekuwa sikujui, nisingeumia."

"Niliogopa, Mashoto. Ukishavuka, utanisahau."

"Hofu yako ungeniambia. Wewe umeniwekea komeo."

Aliiondoa sufuria. Komeo lilikuwepo, na lilikaa sawasawa na mkono wake wa kushoto. Hata mtego Inchi aliupima. Mashoto akalivuta.

"Zungusha winchi."

"Mashoto, nisikilize kwanza..."

"Zungusha. Maji hayasikilizi."

Inchi alizungusha. Mkuku ulitoka topeni kwa mkoromo mrefu, boti ikajiinua kama mtu aliyetua gunia. Chini palibaki maji ya mapajani. Mashoto alichukua upondo, mti mrefu wa kusukumia boti, akasukuma mpaka kwenye kina, akawasha injini ndogo ya nyuma, akashika usukani mwenyewe.

Saa nne na nusu walifunga kamba gatini. Feri ilikuwa imeshateremsha ngazi. Mashoto akatwaa begi lake.

"Na deni langu?" Inchi aliuliza kwa sauti ya chini.

Mashoto alimpa simu. Palikuwa na ujumbe ulioandikwa alfajiri, haujatumwa: "Mama, leo namwambia ndiyo. Aje anifuate baada ya miezi sita. Jiandae kupata mkwe mpima vijiko."

Inchi aliusoma mara mbili. Uso wake ukachangamka.

"Kumbe basi ni ndiyo."

"Ilikuwa ndiyo ya alfajiri." Mashoto aliichukua simu, akaufuta ujumbe mbele ya macho yake. "Mwenye pupa hadiriki kula tamu."

"Kwa saa chache tu, mpenzi?"

"Si saa. Ulinichora kila kitu, Inchi, hata vidole vya miguu. Mdomo hukuuchora."

Alimrudishia karatasi yake, imekunjwa vizuri.

"Ulidai jibu. Jibu ni hapana. Deni nimelilipa, tusidaiane."

Akapanda ngazi ya feri, mkono wa kushoto ukishika kamba.