Synnøve na Pipa la Kostiki

Kila siku saa tisa alasiri mjukuu wangu Synnøve huteremka kwenye basi la shule, hutupa buti zake mlangoni, moja huku na moja kule kama zimegombana, kisha huketi kwenye meza ya jikoni kwangu kufanya kazi za shule. Mama yake yuko kwenye kiwanda cha samaki mpaka jioni, kwa hiyo mlinzi ni mimi. Namwekea mkate na jibini ya kahawia, najimiminia kahawa na kufuma soksi. Mikono inafuma, macho yana shughuli zake.

Macho hayo yaliona jambo. Hesabu za kemia za Synnøve zilikuwa zinaisha kabla kahawa yangu haijapoa. Tena alikuwa na mtindo wake: kwanza anafungua kurasa za mwisho za kitabu, yalipo majibu. Anaandika jibu chini kabisa, halafu anapanda juu kujaza njia. Mimi niliishia darasa la saba, lakini sijawahi kuona nyumba ikiezekwa kwanza ndipo ichimbiwe msingi.

"Mjukuu wangu, mbona unaandika kinyumenyume?"

"Bibi, hii ni kemia. Wewe huijui."

"Kweli, siijui," nikasema. "Naona tunafanana."

Akajifanya hakusikia.

Hapa kijijini Krokvika, darasa la tisa huwapikia wazee chakula kila mwaka kabla ya Krismasi. Chakula chenyewe ni lutefisk. Samaki mkavu, mgumu kama ubao, analowekwa majini wiki nzima, kisha siku chache kwenye maji ya kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, kisha tena kwenye maji safi mpaka kostiki yote itoke. Kostiki ikipungua, wazee wanatafuna ubao. Ikizidi, samaki anakuwa uji wa sabuni. Wageni hutuuliza kwa nini tusimle bila hiyo kostiki. Tunawaongezea viazi.

Miaka yote kostiki ilikadiriwa kwa kijiko. Mwaka huu zamu ikawa ya darasa la Synnøve, na mwalimu wao wa kemia, Hallvard, akasema imetosha, sasa itapigiwa hesabu. "Na mkuu wa pipa atakuwa Synnøve," akatangaza darasani. "Tangu Septemba majibu yake yote yanalingana na ya kitabu."

Siku hiyo buti ziliwekwa mlangoni sambamba, vidole mbele. Nikajua kuna msiba.

Synnøve akatoa karatasi ya mwalimu. Iliandikwa: pipa lina mililita 20,000 za maji, kila lita iwe na moli 0.125 za kostiki. Moli moja ya kostiki ina gramu 40. Tupime gramu ngapi? Akafungua nyuma ya kitabu. Pipa la Krokvika halikuwamo. Akahesabu, akafuta, akahesabu tena mpaka kahawa yangu ikapoa kabisa.

"Nimepata, Bibi. Gramu laki moja."

"Kwa kilo ni ngapi hizo?"

"Kilo... mia."

Nikaweka soksi chini. "Baba yako akivaa buti zake na kumbeba mbwa mgongoni ndiyo kilo mia. Na pipa ni la lita ishirini tu. Hiyo kostiki nyingine itakaa wapi, sebuleni?"

Akacheka. Kisha kicheko kikageuka kilio. "Bibi, ni wazee arobaini! Nikikosea nitawaunguza!"

"Thelathini na tisa, na mimi. Na meno yangu haya ni mapya."

"Nimenakili majibu tangu Septemba," akasema huku akijifuta kamasi kwa mkono wa sweta.

"Najua."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani utachoka mwenyewe. Nilikosea, ningekukemea siku ya kwanza. Kesho umwambie mwalimu."

"Siwezi! Pipa atapewa Jostein wa dawati langu, na Jostein hanyamazi hata akiwa amelala."

"Basi chagua. Uone haya wewe siku moja, au wazee waungue koo."

Kesho yake alimwambia, na alipofika nyumbani akanisimulia yote. Mwalimu Hallvard ni mtu mrefu, mpole, sweta moja tangu nimjue. Alivua miwani akaifuta polepole.

"Jibu la swali la tisa limechapwa vibaya kitabuni," akasema. "Darasa zima ni wewe peke yako uliyepata kosa lilelile, mpaka nukta yake."

"Kwa hiyo ulijua, Mwalimu?"

"Nilijua. Ndiyo maana nikakupa pipa. Nilitaka kuona kama utakuja kwangu au utakimbilia kijiko."

"Nijitoe?"

"La. Wiki nzima tutakaa hapa baada ya masomo, na kitabu chako kitalala mezani kwangu."

Jostein alipata habari kabla ya kengele. "Shikamoo, bingwa wa kurasa za nyuma!" akawa anamwamkia kila asubuhi. Synnøve alikuja nyumbani mashavu yamemwiva, lakini alikuja na kitu kichwani pia.

"Moli ni kama dazeni, Bibi. Ukiniambia dazeni ya mayai, najua ni kumi na mawili. Moli nayo ni idadi, ila kubwa mno, maana chembe zenyewe hazionekani. Hatuzihesabu, tunazipima kwenye mizani."

"Na hiyo moli kwa lita?"

"Huo ni ukali wa myeyusho. Kama sharubati yako ya beri. Ukiongeza maji, beri hazipungui. Ladha ndiyo inapungua."

"Nani anaongeza maji kwenye sharubati yangu?"

"Ni mfano, Bibi!" Akachukua kalamu. "Nilisahau kugeuza mililita kuwa lita. Mililita elfu ishirini ni lita ishirini. Ishirini mara 0.125 ni moli mbili na nusu. Mara arobaini ni gramu mia moja."

"Gramu mia badala ya kilo mia," nikasema. "Mwambie baba yako anaweza kumshusha mbwa."

Jumatatu ya pipa ikafika. Mimi nilikwenda jikoni mwa shule kuwawakilisha wazee, yaani kuyalinda meno yangu. Synnøve alivaa glavu na miwani ya kinga, akapima kostiki kwenye mizani: gramu mia, hazizidi hazipungui. Mwalimu Hallvard mwenyewe ndiye aliyeitia pipani, kidogokidogo, kostiki ndani ya maji na si maji juu ya kostiki, kwa sababu ukigeuza inaruka na kuchoma. Akakoroga taratibu kwa mwiko mrefu.

"Kabla samaki hawajaingia, tuhakikishe," akasema. "Asidi hii ina nusu moli kwa lita. Moli moja ya asidi huua moli moja ya kostiki. Nikichota mililita mia pipani, nitie asidi kiasi gani?"

Synnøve akaandika ubaoni, safari hii kutoka juu kwenda chini. "Mililita mia ni 0.1 ya lita. Ina moli 0.0125. Asidi inayotakiwa ni mililita ishirini na tano."

Mwalimu akatia maji ya kabichi nyekundu kwenye kile alichochota. Kikawa kijani; kostiki yote ikishakufa, kingekuwa zambarau. Synnøve akaanza kudondosha asidi. Kwenye mililita ishirini, kijani kikageuka zambarau ghafla. Mapema mno.

Wakarudia. Ishirini tena.

Mwalimu alikwenda kusuuza bilauri. Jostein akamsogelea Synnøve, akanong'ona, "Wee, andika ishirini na tano, twende nyumbani. Nani atajua?"

Mimi nilikuwa karibu na sina tatizo la masikio. Nikamwona Synnøve akiitazama chaki, kisha pipa, kisha mimi. Akaandika ishirini, kubwa.

"Mwalimu, haikuja nilivyotaka," akasema. "Kama ni ishirini, basi kila lita ina moli 0.1 tu. Lakini tulitia moli mbili na nusu, nimepima mwenyewe." Midomo yake ikatembea kwa hesabu. Kisha akageuka taratibu. "Mbili na nusu gawanya kwa 0.1 ni ishirini na tano. Pipa hili lina lita ishirini na tano! Nani ameongeza maji lita tano?"

Masikio ya Jostein yalikuwa yameiva kuliko kabichi.

"Niliongeza ndoo asubuhi," akasema. "Maji yalikuwa machache, samaki wangebaki migongo nje!"

"Migongo umeiona sawa," akasema Mwalimu Hallvard. "Kunyamaza ndiko ulikokosea. Haya, mkuu wa pipa, tufanyeje?"

"Tubakize maji. Lita tano mara 0.125, mara arobaini. Gramu ishirini na tano zaidi."

Wakaongeza, wakachota, wakadondosha. Kwenye ishirini na tano, zambarau! Darasa likashangilia, nami nikapiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Wiki mbili baadaye tuliketi kula. Samaki alikuja mezani akitetemeka kidogo kama inavyotakiwa, lakini amesimama imara, na viazi, njegere na mafuta moto ya nyama ya nguruwe juu. Nilikula sahani mbili, na ya tatu nilionja tu mpaka ikaisha.

Tulipomaliza, Mwalimu Hallvard alimpa Synnøve karatasi ya mtihani wake wa kemia. Alama nne kati ya sita.

"Zamani nilikuwa napata sita," Synnøve akasema kwa sauti ndogo.

"Sita zile zilikuwa za kitabu," mwalimu akamjibu. "Hii nne ni yako. Jibu la kunakili linakuvusha darasani tu. Pipani likikuangusha, huna pa kushika, maana hujui lilitoka wapi. Siku ile uliandika namba usiyoipenda kwa sababu ndiyo uliyoiona, na namba hiyo ndiyo iliyokuonyesha kosa lilipo. Kwa ajili hiyo wazee hawa wameshiba salama."

Synnøve akaikunja ile nne vizuri na kuitia mfukoni. Kisha akavuta kiti karibu na Jostein, aliyekuwa na alama mbili, akamwomba kalamu.

"Haya, anza juu," akamwambia. "Mililita ziwe lita."