Picha Iliyomwenea Mama

Jamani, wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mnaojiona bado mna muda, nipeni masikio. Habari niliyonayo imetokea katika nyumba ya watu wema, wachapakazi, wasiogombana. Na ndiyo sababu naisimulia. Ingekuwa nyumba ya walevi mngesema, "Aa, hayo ni yao," mkajiendea zenu.

Chumba cha mbele cha nyumba hiyo kilikuwa na kazi mbili. Upande wa dirisha ilikaa cherehani ya mke, fundi wa magauni na mashati. Upande wa pili palikuwa na ukuta mweupe, kigoda na taa mbili, na hapo ndipo mumewe alipopigia watu picha. Mtaa mzima ulimwita Sogea, kwa sababu hakuna aliyewahi kupigwa picha naye bila kuambiwa, "Sogea kidogo. Kidogo tena. Hapo hapo!" Walikuwa na mabinti wawili wanafunzi. Na katikati ya chumba, kwenye kiti chenye mto, alikaa mama yake Sogea na kopo la vifungo mapajani. Alimchambulia mkwewe vifungo, vya shati huku, vya gauni kule, na alipopata kizuri alikiinua kwenye mwanga, akakigeuzageuza, akatabasamu peke yake.

Kamera yenyewe lazima niwaeleze, maana mimi mwenyewe nilipooneshwa nilibaki mdomo wazi. Ilikuwa ya dijitali, lakini ya zamani, ya ile aina ambayo huchungulii kupitia lenzi bali kupitia kidirisha kidogo kilicho kando. Katikati ya kidirisha pana kimraba chenye mwanga, na ndani ya kimraba hicho kila kitu huonekana mara mbili. Mtu ana pua mbili, macho manne. Unazungusha pete ya lenzi kwa kidole, polepole, zile sura mbili zinasogeleana, zinagusana, na mara moja mtu anakuwa mmoja, yuko pale, mzima, anakutazama. Sogea alikuwa ameitumia kwa miaka kumi na minne, na bado kila sura mbili zilipokutana mwili ulimsisimka.

"Kila mtu anazaliwa upya mle ndani," alimwambia mkewe siku moja.

"Basi na wewe uzaliwe upya," mkewe akamjibu. "Kaoge, chakula tayari."

Ila uzee hauna dawa. Kioo cha nyuma cha kamera kilikuwa kimekufa nusu, betri ilichoka kabla ya mteja wa nne, na wapiga picha wenzake walimuuliza kama aliirithi kwa babu yake. Sogea alicheka nao. Moyoni ilimuuma.

Basi mama akaanza kugonga miguu ya meza. Akaanza kumimina chai pembeni ya kikombe. Wakampeleka kwa daktari wa macho, akampima kwa mashine zake, akawaita Sogea na mkewe faragha.

"Ni presha ya macho," alisema. "Kuona kwake kunaliwa kuanzia pembeni kuja katikati. Matone haya ni asubuhi na jioni, bila kuruka hata siku moja. Yatapunguza mwendo wa ugonjwa. Kilichokwisha kupotea hakirudi."

"Ana muda gani?"

"Akifuata dawa, miaka. Asipofuata, sitaki kuwadanganya."

Mama mwenyewe hakulia. Alimwita mwanawe, akamshika mkono. "Nina ombi moja tu. Nipigie picha za watu wa nyumba hii, na dada yangu akija naye umpige. Nataka niwatazame sana. Nikishawashiba, giza likija na lije, litanikuta nawajua."

Hilo ndilo ombi. Lishikeni nyinyi, maana Sogea lilimponyoka huku akidhani amelikumbatia.

"Mama," alisema, "wewe si wa kupigwa na kikamera hiki kikuukuu. Nitanunua mpya. Nitakutengenezea picha kubwa, ya ukuta mzima, uone hadi nywele za nyusi."

Mama akatabasamu. "Haya, mwanangu. Fundi ni wewe."

Hapo ugonjwa wa pili ukaingia nyumbani, na huo haukuwa wa macho. Sogea alianza kutafuta kamera. Kila alipopata nafasi alikuwa kwenye simu, akiwasikiliza watu asiowajua wakibishana kuhusu kamera ambazo wengine wao hawajawahi kuzishika. Jumatatu aliapa atanunua. Jumatano akasema hapana, ile ya zamani ina rangi ya ngozi ambayo hizi mpya hazina, ataitengeneza kioo abaki nayo. Ijumaa akasikia ipo nyingine inatoka baada ya miezi mitatu, bora kuliko zote, basi ni busara kusubiri. Wateja walikaa kigodani mpaka tabasamu likawakauka.

Zamu ya matone ya asubuhi ilikuwa yake. "Nakuja, mama," alisema, jicho kwenye simu. Mama alikaa ameinua uso kuelekea dari, akisubiri tone, mpaka shingo ikamchoka akarudi kwenye vifungo vyake. Mara nyingine tone lilikuja adhuhuri. Mara nyingine halikuja, na mama hakusema. Wazazi wetu ndivyo walivyo, hawataki kuwa mzigo, na sisi tunakuchukulia kunyamaza kwao kuwa ni kuridhika.

Mkewe ndiye aliyesema. "Mama aliomba picha. Hakuomba kamera."

"Wewe huelewi mambo ya ubora."

"Kweli, sielewi. Mimi mtu akiniletea kitambaa, kwanza nampima."

Neno hilo lilipita juu ya kichwa cha Sogea, likaenda zake.

Katika miezi hiyo mama mkubwa, dada wa mama, akaja kuwatembelea kwa siku tatu. Alikuja na gauni jipya kwa ajili ya picha. Wale kina mama wawili walikaa wameshikana mikono siku nzima wakicheka mambo ya utoto wao, na ungewaona, ndugu zangu, ungesahau kufumba macho. Hata Sogea aliwatazama akashangaa. Akaona mwanga wa dirisha ulivyowaangukia. Akaona kwamba hiyo ndiyo picha. Na ile kamera kuukuu ilikuwa kabatini, hatua nne tu.

"Mama mkubwa, vumilia kidogo," alisema. "Kamera mpya inafika mwezi ujao. Utarudi tukupige vizuri, si ndiyo?"

Mama mkubwa akacheka. "Mwanangu, mimi safari zangu sasa ni za kuhesabu. Lakini haya, nitajitahidi."

Mtaniuliza, kidole kingemuuma kubonyeza mara moja? Yeye mwenyewe hujiuliza mpaka leo. Baada ya wiki tano ikaja simu ya msiba. Kilio sitakisimulia. Nitasema tu kwamba siku waliyorudi kutoka mazikoni mama aliuliza, "Ile picha ya dada iko wapi?" Kisha akakumbuka, akasema haraka, "Ah, samahani, mwanangu." Yeye ndiye aliyeomba samahani.

Kamera mpya ikafika. Nisiwe mnafiki, ilikuwa ya ajabu. Sogea aliwapanga wote mbele ya ukuta mweupe, yeye mwenyewe akajiunga mwishoni, kamera ikajipiga yenyewe, na picha akaenda kuisafisha kubwa, ya kujaza ukuta kuanzia kona hadi kona. Majirani walikuja kuitazama, wakashika vichwa. Uliweza kuona uzi kwenye mshono wa gauni. Uliweza kuona dirisha zima ndani ya mboni ya binti mdogo.

Mama akaletwa mbele yake, mkwewe amemshika kiwiko. Mama alisogeza uso kulia, akausogeza kushoto, polepole, kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo.

"Naona kifungo," alisema.

Mama akasogea karibu zaidi.

"Cha buluu, matundu manne. Hiki nilikichagua mimi." Akakigusa kwa kidole, akafurahi. Kisha akaendelea kutafuta. "Hapa ni wapi? Ni shavu. Shavu la nani hili, mwanangu?"

Lilikuwa shavu la Sogea.

"Ni picha nzuri sana," mama alisema, akiwa ameelekeza uso pale alipodhani mwanawe amesimama. "Asante. Umehangaika kwa ajili yangu." Majirani walitoka mmoja mmoja wakiangalia viatu vyao.

Siku ya pili yake mnunuzi wa ile kamera ya zamani alikuwa aje saa sita. Sogea alikuwa akiifuta kwa kitambaa, bila hamu ya kitu chochote duniani.

"Ndiyo hiyo inayoondoka?" mama aliuliza. "Nipe niiage. Imetulisha."

Akampa. Mama aliipapasa, akakipata kidirisha, akaliweka pale jicho la kulia, lile lililobaki na uhai. Mbele yake mkwe alikuwa kwenye cherehani na Sogea amesimama karibu naye.

"Ee!" mama akapiga ukelele.

"Nini, mama?"

"Mmeenea!" Akaishika kamera kwa mikono miwili. "Mmeenea wote wawili! Mbona mmekuwa wadogo? Nakuona, mwanangu. Nakuona kichwa mpaka viatu!"

Hapo ndipo Sogea alipoelewa. Kidirisha kile hupunguza vitu kidogo, kila mpiga picha anajua. Jicho la mama lilikuwa limebaki tundu dogo, na yeye miezi yote hiyo alikuwa anatafuta kitu kikubwa zaidi cha kupitisha pale. Kikubwa hakipiti. Kidogo kinapita kizima.

"Ila mkwe wangu ana pua mbili," mama alisema.

"Zungusha hiyo pete, mama. Polepole." Akamwekea kidole penye pete.

"Zinakuja," mama alinong'ona. "Zinakuja, zinakuja. Amekuwa mmoja! Mtazame alivyo mzuri!" Akabonyeza. Ka!

Sogea alipiga magoti pale pale kwenye vipande vya vitambaa akalia bila kuficha. Mkewe alisimamisha cherehani. Angeweza kusema "nilikwambia," na haki hiyo alikuwa nayo. Alivua utepe wa kupimia shingoni, akamwekea mumewe begani, akarudi kazini.

Mnunuzi alikuja akaombwa radhi mlangoni. Siku hiyo Sogea alipiga kila mtu peke yake kwa kamera ya zamani, naye akapigwa na mkewe, mama akasema nani asimame wapi. Zikasafishwa ndogo, za kuenea kiganjani. Mama alinyoosha mkono, akaishika ya kwanza mbali na uso, akaitazama muda mrefu.

"Huyu ni wewe," alisema. "Umezeeka, mwanangu."

Wakacheka mpaka machozi yakachanganyika. Ilikuwa miezi mingi tangu Sogea atazamwe na mama yake, na yeye hakuwa amejua kwamba ametoweka.

Zilikuwa picha tano, na ya mama mwenyewe ikiwemo. "Nikatie na ya sita," mama alisema. Sogea akauliza ni ya nani. "Kata tu karatasi, ya ukubwa huo huo. Isiwe na kitu." Akakata. Mama akaipokea karatasi nyeupe, akaiweka katikati ya zile tano. "Hapa ni pa dada."

Leo hii jicho la kushoto la mama limezima kabisa, na la kulia linawapokea watu wake mmoja mmoja, nusu nusu. Matone ya asubuhi sasa hayachelewi hata dakika. Baada ya tone mama huzipitia picha zake, huzungumza nazo, huzitania. Akifika kwenye ile nyeupe hukaa nayo kuliko zote. Sogea husimama pembeni na kichupa cha dawa mkononi, hawezi kuondoka mpaka mama amalize.

FUNZO

Huenda mlikuwa mnasubiri niwaambie "usiache mbachao kwa msala upitao." Sisemi hivyo. Ile kamera mpya iko kazini mpaka leo na haijamkosea mtu. Kitu hakina kosa. Mwenye kosa ni moyo unaojificha nyuma ya kitu, ukaita kuchelewa kwake upendo.

Mtu wako akikuomba, mpe leo kwa hicho ulicho nacho mkononi. Usimwambie asubiri mpaka uwe na kilicho bora, kwa sababu ugonjwa hausubiri nawe, wala mauti. Na kabla hujaamua ni kipi kilicho bora kwake, muulize, mpime, ujue kinachomwenea yeye, si kinachokupa sifa wewe mbele ya majirani. Mgonjwa ana dawa za saa maalumu, basi saa hiyo ni yake, simu iwekwe chini.

Sasa nanyamaza. Fikirini ni nani nyumbani kwenu aliyeomba kitu kidogo akaambiwa asubiri. Na kama mmemkumbuka, msikae hapa kunisifu kwa hadithi. Inukeni mwende, bado anaona.