Maji Yasiyoongezwa Kitu

Kila asubuhi, kabla ya kufunga kamba za viatu vyake vya shule, Chiriku alisimama mbele ya tangi la kioo sebuleni na kuitazama alama ya wino ambayo baba yake aliichora ubavuni. Maji yakiwa chini ya alama, alijua joto la taa ya tangi limeyapunguza. Alifunua ndoo ya maji yaliyochujwa iliyokaa chini ya meza, akachota maji kwa kopo, akayaongeza polepole mpaka yakafika alamani. Hapo ndipo alipowasalimu wenyeji wa mle ndani.

Wenyeji hao walikuwa samaki wawili wa rangi ya chungwa. Yule mkubwa, jike mkali asiyetaka mchezo, aliitwa Mwenye Nyumba. Mdogo wake aliitwa Mpangaji, kwa sababu kutwa alikuwa akifukuzwa. Nyuma yao, juu ya mawe, yalikaa matumbawe. Wageni wengi waliyadhania kuwa mapambo, na Chiriku alipenda kuwasahihisha. Tumbawe ni mkusanyiko wa wanyama wadogo sana, alikuwa akisema, tena wanaoishi pamoja bila kugombana kama sisi. Alisema hivyo kwa kila aliyevuka kizingiti, hata mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Hakupewa jina la Chiriku bure.

Tumbawe kuu, la zambarau, liliitwa Vidole. Baba, ambaye alikuwa fundi wa majokofu na alilijenga tangi lile kwa mikono yake, alilileta nyumbani likiwa dogo kama kucha, akaligandisha juu ya jiwe. Miaka ikapita, likatoa matawi mpaka likafanana na mkono wa mtu uliokunjuliwa. Kisha figo za baba zikashindwa kazi. Alilazwa hospitali kwa wiki nyingi, akawa anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu, siku moja hata wakaambiwa nyumbani kwamba ameshindwa kupumua, na kazi ya kuliangalia tangi ikamwangukia binti yake.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Lakini mashine ya kuchuja maji ya tangi ilikuwa imechakaa, na baba akaamua inunuliwe nyingine. Alikuwa ameweka akiba kwa ajili hiyo tangu alipokuwa mzima.

"Dukani utazikuta za namna nyingi," alimwambia Chiriku siku moja, akiwa amelala kitandani hospitalini na midomo imemkauka. "Chukueni ile ya mabomba meupe, yenye chujio la mwisho la chembechembe. Ni mbaya kwa sura na ina uvivu wa kutoa maji, lakini maji yake hayaongezwi kitu. Maji ya bomba yana dawa na mambo mengine ambayo jicho halioni. Sisi tunakunywa tunaendelea na safari. Tumbawe linakufa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Alielewa kweli, na hilo ndilo lililomuumiza baadaye.

Aliyempeleka dukani alikuwa mjomba wake, kaka yake mama. Mjomba huyu hakuweza kuanza sentensi bila kusema, "Mimi nimeona mengi," hata watoto wa mtaani wakawa wanamwita Nimeona Mengi. Muuza duka aliwaonyesha mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa ile ya mabomba meupe, imening'inizwa ukutani na mipira ikiwa imejikunja hovyo. Ya pili ilisimama juu ya kaunta, ina bomba lake dogo na taa ya buluu inayowaka maji yakitoka.

"Hii ya taa inachuja, halafu inarudisha madini ili maji yawe na ladha," muuza duka alieleza. "Ile nyingine hairudishi kitu. Inatoa tone kwa tone, na maji mengine inayamwaga. Mnataka ya kazi gani?"

"Ya nyumbani," mjomba alijibu haraka. "Mimi nimeona mengi, lakini mashine ya kumwaga maji sijaiona. Chema chajiuza. Hebu tazama inavyowaka!"

Chiriku alijua kwamba hapo ndipo mahali pake pa kusema. Alichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: ni ya matumbawe. Lakini taa ile ya buluu ilimpendeza. Tena alifikiria jioni zake, amekaa karibu na ndoo akisubiri matone wakati wenzake wanaruka kamba nje. Msichana aliyekuwa akimhutubia hata msoma mita akaufyata mdomo, na mashine ya taa ikafungwa kwenye boksi.

Jioni baba alipiga simu. "Mmepata ile niliyosema?"

Mama alikuwa ameshawaonya watu wote nyumbani: mgonjwa asipewe mawazo, mgonjwa ni wa kutulizwa. Chiriku akaikumbuka amri hiyo kwa furaha kidogo, kwa kuwa ilimpa mahali pa kujificha.

"Ndiyo, baba. Ile ile."

Wiki za kwanza hakuna kilichotokea. Kisha utando wa rangi ya kahawia ukaanza kutambaa juu ya mawe. Chiriku aliusugua kwa mswaki wa zamani, na kesho yake ukarudi. Shina la Vidole likapauka, halafu likawa jeupe kama chaki. Alimwita mjomba, ambaye alijaza kikombe kutoka kwenye mashine, akanywa, akajipangusa midomo.

"Maji matamu haya," alisema. "Kama samaki wenu hawayataki, basi wanadeka."

Baba aliendelea kupiga simu, na kila mara swali lilikuwa moja.

"Vidole hajambo?"

"Hajambo, baba." Na siku moja, aliposikia sauti yake imechoka mno, akaongeza, "Tena ametoa tawi jipya."

Baba alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu alazwe. Chiriku alimsikia akimwambia mgonjwa wa kitanda cha jirani kwamba tumbawe lake limetoa tawi. Alikata simu akaenda kulia bafuni, bomba likiwa wazi ili asisikike. Uongo wa kwanza ulikuwa wa kujikinga. Huu wa tawi alimpa baba kama zawadi, na ndio uliomchoma zaidi.

Matumbawe madogo ya kijani yakaanza kuoza. Sebule ikanuka. Asubuhi moja Mwenye Nyumba alikuwa akizunguka peke yake, hana wa kumfukuza. Chiriku alimkuta Mpangaji nyuma ya jiwe, amelala ubavu, mdomo wazi. Alimzika kwenye kopo la maua nje ya mlango. Mama alimwona, akamwekea mkono begani.

"Tusimwambie baba," mama alisema.

Jumamosi mama alimchukua kwenda hospitali. Walipofika, baba alikuwa bado anaunganishwa na mashine, wakaambiwa wasubiri kwenye korido. Mlango mmoja ulikuwa wazi. Chiriku alichungulia, akaona mabomba meupe, makubwa kuliko ya dukani lakini ya namna ile ile, yamepangwa ukutani na mipira yake. Muuguzi alikuwa akisoma kipimo.

"Sista, hayo ni ya nini?"

"Ya kuchuja maji ya mashine za wagonjwa," muuguzi alisema. "Maji yanapita jirani kabisa na damu, kwa hiyo hayatakiwi kuwa na kitu chochote."

"Hamwezi kutumia ya kunywa? Yale yanayorudishiwa madini?"

Muuguzi aligeuka kumtazama vizuri. "Maji ya kunywa yanapita tumboni, mwanangu, na tumbo lina mlango na bawabu wake. Huku hakuna bawabu. Tukiweka maji ya namna hiyo, baba yako hatoki hapa mzima."

Chiriku aliyatazama tena mabomba yale. Akilini alimwona Vidole, amekaa kutwa kucha ndani ya maji asiyoweza kuyakimbia, bila mlango wala bawabu. Alikuwa akimwongezea sumu kila asubuhi kwa kopo, kisha anamsalimu.

Walipoingia, baba alikuwa amelala na mipira yenye damu ikitoka mkononi kwenda kwenye mashine. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Alipomwona binti yake alijitahidi kutabasamu, akamgeukia mgonjwa wa jirani.

"Huyu ndiye fundi wangu niliyekwambia. Hebu mweleze, tawi jipya limefika wapi?"

"Hakuna tawi, baba."

"Wewe mtoto," mama alisema kwa sauti ya chini, "huu si wakati wake."

Lakini Chiriku alikuwa ameanza, na safari hii hakunyamaza. Alisema yote: taa ya buluu, uvivu wa kusubiri matone, simu, shina jeupe, Mpangaji kwenye kopo la maua. Mgonjwa wa jirani akageukia upande wa pili. Mashine ikaendelea kuzungusha damu.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho. "Kuna sehemu bado ina rangi?" aliuliza.

"Ncha mbili. Za juu."

"Ungeniambia mlipotoka dukani, ningewaambia mrudishe, na leo lingekuwa zima lote." Aliyafumba macho. "Niacheni nipumzike."

Hakumwita mwanangu, wala hakumshika mkono. Chiriku alirudi nyumbani akihisi kwamba afadhali angechapwa.

Siku iliyofuata mjomba alikuja na mashine ya mabomba meupe, akaifunga mwenyewe bila kutamka kwamba ameona chochote. Ile ya taa ikahamia jikoni, mahali pake. Kila jioni Chiriku alikaa karibu na ndoo akihesabu matone, akabadilisha maji ya tangi kidogo kidogo kama baba alivyoagiza kwa kupitia mama. Nje wenzake waliruka kamba. Baba alipopiga simu, hakuomba kuzungumza naye.

Baba aliporuhusiwa kulala nyumbani, akawa anakwenda hospitali kwa zamu zake za kusafishwa damu tu, alifika amekonda, shati linamning'inia. Alivuta kiti mbele ya tangi. Yaliyobaki yalikuwa mifupa myeupe ya matumbawe, samaki mmoja, na ncha mbili za zambarau. Alitazama mpaka Chiriku akatamani kukimbia.

"Lete koleo," baba alisema.

Hakuwa na nguvu za kulikaza, kwa hiyo alimwachia binti yake akate. Chiriku alizikata ncha zile chini kidogo ya mahali rangi ilipokoma, kila moja ikiwa kama kucha, akazigandisha juu ya jiwe safi. Walikuwa wamerudi pale baba alipoanzia.

"Zitapona?" aliuliza.

"Sijui. Pengine moja." Baba alivuta pumzi. "Kaa hapa. Nilikukasirikia, na bado nina hasira kidogo. Lakini kuna jambo sijakwambia. Mimi naruhusiwa vikombe viwili tu vya maji kwa siku, kwa sababu figo haziwezi kuyatoa. Kila nikienda napandishwa kwenye mizani, maji yaliyozidi mwilini yajulikane. Mwanzoni nilikunywa kwa siri, na nilipoulizwa nikasema sikunywa. Siku ile mliyoambiwa nimeshindwa kupumua, ni maji hayo ya uongo wangu yaliyokuwa yamejaa kifuani."

Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi, aliketi taratibu. Hata yeye hakuwa akijua.

"Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua," baba aliendelea. "Ulinipa habari tamu kwa kuwa ulinihurumia. Nami niliwapa ninyi habari tamu. Tumbawe limekufa kwa huruma ya namna hiyo, nami nilibakiza kidogo nife. Mtu unayempenda mpe habari ilivyo, bila kuongeza kitu, tena mapema, angali na la kufanya. Na kazi uliyopewa ifanye ilivyoagizwa, hata kama ni ya kusubiri matone."

"Nimekosa, baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu. Wewe nawe unisamehe."

Chiriku aliliweka koleo mezani. Aliitazama midomo ya baba yake, ambayo leo haikuwa imekauka kama siku zote.

"Baba, leo umekunywa vikombe vingapi?"

Baba alimtazama mama, akalitazama tangi, kisha akamtazama yeye.

"Viwili," alisema. Akatupia jicho mguu wa kiti. "Na nusu, mlipokuwa mnatandika kitanda."

Mama aliinua simu kumpigia muuguzi, ajue kabla ya zamu ya kesho. Chiriku akakichukua kikombe kilichofichwa nyuma ya mguu wa kiti, akakirudisha jikoni, akaja kukaa karibu na baba yake mbele ya zile ncha mbili.