Masinia ya Mti Mbichi

Mbaluka alikuwa mwanamume wa kupendeza, na heri niseme hivyo mapema kabla sijaanza kumsema. Alikuwa mrefu, meno meupe, kaptura ya kaki imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Jumamosi moja ya mwaka wa 1953 alikuwa sokoni Thika, kati ya wauza maharagwe na wauza ndizi, amepanga mabakuli na masinia ya mbao juu ya gunia, akiita wateja kwa Kiswahili, kwa Kikamba, na kwa Kizungu cha kubahatisha. Msichana mmoja akasimama mbele yake. Alivaa gauni la maua ya njano na kitambaa cheupe kichwani, na miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu la Ruiru. Akainua sinia, akapitisha kidole ukingoni, akalirudisha.

"Kuna nini, dada? Halikukufurahisha?"

"Ni zuri. Ila liko uchi."

"Uchi vipi tena?"

"Ukingo wote huu na hujauvisha kitu. Marehemu baba alikuwa mhunzi. Angeona hili angekuuliza kama waya imeisha Kenya nzima."

"Na wewe unaweza kuuvisha?"

"Nipe waya ya shaba, nyundo ndogo na mahali pa kukaa. Halafu uache kunitazama hivyo, watu wanaona."

Jina lake Ngendo. Aliishi na mama yake katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa huko Ruiru. Mbaluka alimpa sinia moja aende nalo, na wiki iliyofuata likarudi na nyota za shaba zimezunguka ukingo, zimezama ndani ya mbao hata ukipapasa husikii mahali mbao inaishia na waya inaanzia. Bwana Gurdit, Kalasinga mwenye karakana alikofanya kazi Mbaluka, aliligeuza mara tatu. Akasema huyo mwanamke aletewe mengine.

Basi wakawa wanafanya kazi pamoja. Mbaluka anakereza mbao kwenye mashine Thika, Ngendo anapamba Ruiru, na masinia yanasafiri kwa treni ndani ya gunia. Jumamosi Mbaluka aliyapeleka mwenyewe. Siku za katikati ya juma Ngendo alikwenda ofisi ya shamba, akamwomba karani Jeconia simu, kwa kisingizio cha waya.

"Haloo, karakana? Waya imebaki kidogo."

"Ulipewa ya mwezi mzima, mpenzi. Umeila?"

"Nimekuwa nikiwaza mtu, nikaikata vibaya."

"Huyo mtu ana bahati."

"Huyo mtu ana maneno mengi. Jumamosi unakuja?"

"Hata mvua ya mawe ikinyesha, mwendwa."

Jeconia alijifanya anapanga karatasi. Alikuwa amezipanga karatasi hizo hizo tangu asubuhi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Sinia halikerezwi mara moja likaisha. Gogo la muhugu linakerezwa kwanza likiwa nene, linafukiwa ndani ya unga wa mbao, linaachwa nusu mwaka likauke polepole, ndipo linarudishwa kwenye mashine kumaliziwa. Kazi ya kufukia ilikuwa ya Mbaluka, na alipaswa kuifanya Jumamosi. Na Jumamosi Mbaluka alikuwa wapi? Ruiru, ameketi kwenye kigoda, anamtazama Ngendo akigonga waya. Bwana Gurdit alipouliza kama akiba inakauka, alijibu inakauka. Hakukuwa na akiba.

Mwaka wa 1954 ukaja na mambo yake. Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ilikuwa imekaza. Mkikuyu kama Ngendo hakutoka wilaya hii kwenda ile bila pasi ya kusafiria, na asiyekuwa na barua ya mwajiri alipakiwa lori akarudishwa rizavu, kwenye ardhi waliyotengewa Wakikuyu. Shamba lile likapunguza watu, na mama yake Ngendo, mgongo umeshapinda, akawa wa kwanza kuambiwa hana kazi. Kilichowabakiza Ruiru mama na binti kilikuwa karatasi moja tu, barua ya Bwana Gurdit iliyosema kwamba Ngendo ni fundi wake. Ilihitaji sahihi mpya kila miezi mitatu.

"Usijali," Mbaluka alimwambia, amemshika mkono ule wenye alama za nyundo. "Baada ya mavuno naenda kwa wazee wangu Machakos. Nitakuoa, utakuwa na barua ambayo haiishi."

"Na mama?"

"Na mama. Nitamwacha vipi mama?"

Ngendo aliamini. Na wewe ungeamini, alivyokuwa akisema.

Mwaka uliofuata, mama mmoja wa Kizungu aliagiza masinia kumi na mawili kwa harusi ya bintiye, yawe tayari ndani ya wiki sita. Bwana Gurdit akakubali, akiamini akiba ipo. Mbaluka alitafuta gogo kavu karakana nzima, hakupata. Akachukua muhugu uliokatwa mwezi huo huo, akakereza, akayapeleka Ruiru.

Ngendo alipopiga waya ya kwanza, maji yakachuruzika kutoka kwenye mbao.

"Mbaluka, huu mti ni mbichi."

"Fanya tu, kipenzi. Tutayapaka mafuta, hayataonekana. Nikichelewesha kazi hii, nimekwisha."

Akafanya. Alikesha hadi macho yakawa mekundu, na naapa hakuna kazi nzuri zaidi iliyowahi kutoka mikononi mwake.

Mwezi mmoja baada ya harusi masinia yalirudi karakana. Mbao zilikuwa zimekauka na kujikunja, waya zimefumuka na kusimama ukingoni, na moja ilikuwa imemchana mgeni mkono. Bwana Gurdit alikasirika kimya, na hiyo ndiyo hasira mbaya. Alipiga simu Ruiru kwanza.

"Ngendo, waya zimetoka kwenye masinia yote kumi na mawili. Niambie ukweli. Ni mkono wako, au ni mbao?"

Ngendo alishika simu kwa mikono miwili. Akisema ni mbao, Mbaluka anafukuzwa leo. Aliwaza, Mbaluka yuko pale pale, atasikia, hataniacha nibebe peke yangu, naye Bwana anampenda kama mwanawe, akikiri mwenyewe atamsamehe.

"Ni mkono wangu, Bwana," akasema. "Lakini muulize na Mbaluka. Tafadhali muulize."

Bwana Gurdit akaweka simu, akageuka. Mbaluka alikuwa mlangoni na patasi mkononi. Hakusikia upande wa pili ulisema nini.

"Wewe ndiye mkereza. Mbao ilikuwa kavu?"

Mbaluka akafuta patasi kwa kidole gumba, sekunde tatu. Mimi huwa nazifikiria sana hizo sekunde tatu.

"Ilikuwa kavu, Bwana."

"Basi ni yule mwanamke."

"Labda alikuwa na haraka," Mbaluka akasema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Barua haikutiwa sahihi. Siku ya tisa lori lilimpakia Ngendo na mama yake, masufuria mawili na blanketi, likawapeleka Murang'a, kwenye kijiji cha kuchimba mahandaki kilichozungushiwa seng'enge. Mbaluka alipopata habari alilia kwelikweli, sitamnyima hilo. Bwana Gurdit akamwambia kwa upole, "Usimlilie sana. Angalau alikuwa mkweli. Nilimuuliza, akakubali mwenyewe kwamba ni mkono wake."

Hapo Mbaluka alielewa kila kitu. Kinywa chake kingefunguka siku hiyo, barua ingeandikwa, na Bwana Gurdit alikuwa mtu wa kwenda hadi kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya. Hakikufunguka. Alirudi kwenye mashine yake.

Mwaka wa 1958 amri zikalegezwa, na watu wakaanza kurudi mashambani kutafuta kazi. Jeconia ndiye aliyempigia simu. "Yule wako yuko hapa. Anachuma kahawa."

Mbaluka alivaa suti, akapanda treni. Alimkuta kwenye foleni ya kupimiwa kahawa kwenye mizani, kikapu mgongoni, gauni la kaki lililofifia. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa miaka ya jembe, viwili havikunjiki.

"Ngendo, mwendwa."

"Mbaluka. Umenenepa."

"Nimekuja na maneno ya kweli. Wazee wangu wako tayari. Wewe na mama mje Thika, nyumba ipo."

"Mama alikufa mwaka wa kwanza. Njaa na kifua."

Mbaluka akafungua kifungo cha koti. Suti ilianza kumbana.

"Ngendo, nilikosa. Mti ulikuwa mbichi, nikasema ni mkavu. Niliogopa."

"Najua ulikuwa mbichi. Mimi ndiye niliyefuta maji." Hakupandisha sauti. "Na mimi pia niliogopa. Bwana aliniuliza mimi, nikakutetea wewe. Akakuuliza wewe, ukajitetea wewe. Sasa niambie, baba. Siku ile mimi nilikuwa na nani?"

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe kule kule. Nilimzika mama nimeshakusamehe." Foleni ikasogea, naye akasogea nayo. "Lakini kuolewa na wewe, hapana. Siku nyingine mtu atakuuliza tena, na mimi nitakuwa nimelala kitandani kwako nikidhani niko na mtu."

Mwenye mizani akaita jina lake. Ngendo akateremsha kikapu, akasubiri kusomewa uzito.